Mama Costansia na Kondoo wa Hereni Nyekundu

Bi. Costansia Mukamusoni, Mkamuaji Mkuu wa Kituo cha Majaribio ya Kondoo wa Maziwa, Isingiro, Wilaya ya Karagwe, anastaafu leo Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, baada ya utumishi wa miaka ishirini kasoro siku tatu. Siku hizo tatu tulimwomba azimalizie ili hesabu iwe kamili. Alijibu kwamba kondoo hawajui kalenda, na kwamba kahawa yake kule Songambele imekwisha kuiva na haitamsubiri.

Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Xaveri Mutalemwa wa maabara, kazi ya kuandika wasifu huu. Walisema ninamfahamu kuliko wengine. Huenda ni kweli, kwa maana tangu mwaka 1984 ndiye aliyekuwa akiniletea chupa za maziwa dirishani kila asubuhi, na kabla ya kunikabidhi hutazama kwanza kama nimenawa mikono. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja. Ninaomba radhi kwa kamati mapema.

Mama Costansia alizaliwa mwaka 1943 ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, akaja Karagwe na wazazi wake akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Aliolewa na Bwana Celestin Mbonimpa, wakati huo kibarua katika mashamba ya watu, leo mwenye shamba lake mwenyewe la migomba na kahawa. Wamejaliwa watoto wanne. Bwana Celestin yuko nasi hapa leo, na kwa taarifa ya wapishi, hanywi chai yenye maziwa ya kondoo. Hilo ni jambo la zamani katika ndoa ile na hatulitatui sisi.

Jinsi alivyopata kazi ni habari yenyewe. Kituo kilipofunguliwa Julai 1978, tangazo lilibandikwa kwenye maduka ya Rubwera likisema wanatakiwa wakamuaji. Walikuja wanaume kumi na wawili, watu wenye mikono ya kazi, waliozaliwa katikati ya ng'ombe. Waliposikia kwamba kinachokamuliwa ni kondoo, walitazamana, wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Kwa mila ya wafugaji wa huku kondoo huchungwa pamoja na ng'ombe, lakini kumkamua ni kichekesho. Mama Costansia alikuwa amekuja kuuza ndizi. Kwa mila ya kwao mwanamke hakamui ng'ombe kabisa, na tangu utotoni alikuwa amekatazwa hata kusogea na chombo. Akafikiri pale pale: mila inamkataza mwanamke ng'ombe, ila kuhusu kondoo haijasema kitu, maana hakuna aliyewahi kudhani itahitajika kusema. Akaomba kazi. Aliandikwa siku hiyo hiyo, tarehe 3 Julai, na ndizi zake zikaliwa na uongozi.

Mtaani waliokuwa wakimwita Mama Costansia wakaanza kumwita Mama Ntama, yaani mama wa kondoo, na hawakukusudia kumsifu. Alilipokea jina, akalivaa, na baada ya miaka miwili mitatu likawa halina tena mwiba. Mwaka 1981, siku ya ubatizo wa mtoto wake wa mwisho, aliwaandalia wakwe zake chai nzito ya maziwa. Wakaisifu. Walipoomba kikombe cha pili ndipo alipowaeleza yametoka wapi. Wifi zake hawakukanyaga pale kwake kwa miezi miwili. Anasema ilikuwa miezi ya mapumziko mazuri.

Hakukaa hata miezi minne kazini kabla vita haijafika mpakani. Oktoba 1978, vijiji vya upande wa kaskazini vilipoanza kuhama, meneja wa kwanza wa kituo aliamua kondoo wahamishiwe kusini, upande wa Nyaishozi. Gari halikupatikana. Mama Costansia na wenzake wawili waliwaswaga kwa miguu siku nne, wakiwakamua njiani na kuwagawia maziwa watoto wa wahamaji waliokubali kunywa. Waliondoka na kondoo hamsini na watatu, wakafika na hamsini na wanne. Mmoja alipotea mtoni, wawili wakazaliwa barabarani. Waliporudi Isingiro mwaka uliofuata, banda lilikuwa halina bati hata moja, naye ndiye aliyesimamia kulijenga upya kabla fundi hajaletwa.

Mwaka 1983 alipandishwa kuwa kiongozi wa zamu. Miaka hiyo ndiyo aliyopambana na ugonjwa wa kiwele, uliokuwa ukituharibia karibu kondoo mmoja katika kila watano. Hakuwa na dawa mpya. Alichofanya ni kuwapanga kondoo: wazima wakamuliwe kwanza, wenye dalili mwisho, na kila mkamuaji awe na kitambaa chake. Kufikia 1986 ugonjwa ulikuwa umeshuka hadi kondoo mmoja katika thelathini. Takwimu ninazo maabara, anayetaka aje.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Mwaka 1988 kituo kiliongozwa na Daktari Rwegoshora, mtafiti wa lishe ya mifugo, mtu mwembamba, mwenye haraka, na mwenye akili ambayo hatukuifikia. Alikuwa na tatizo lililomsumbua. Kondoo wetu wakishazaa na kuanza kukamuliwa walikuwa wanakonda vibaya, wengine wakabaki mifupa. Alituita akatueleza sababu kwa lugha ya kueleweka. Ndani ya mwili kuna kitu kiitwacho insulini, ambacho kazi yake ni kuamuru sukari iliyomo kwenye damu iingie kwenye misuli na kwenye akiba ya mafuta. Kondoo anaponyonyesha, mwili wake hujifanya kiziwi kwa amri hiyo, ili chakula chote kiende kwenye kiwele. Mtoto ananenepa, mama anakwisha. Na zipo dawa, vidonge wanavyopewa watu wenye kisukari, ambazo haziongezi insulini bali huufanya mwili uisikie tena. Daktari alitaka kujua: tukimpa kondoo dawa ya namna hiyo, je, mwili wake utajishikia chakula na kuacha kukonda? Na je, maziwa yatabaki na mafuta na protini zake, au yatakuwa maji?

Swali lilikuwa zuri, na jaribio likapangwa vizuri. Walichaguliwa kondoo arobaini waliozaa wiki moja. Ishirini walivishwa hereni nyekundu masikioni, ishirini hereni nyeupe. Kila asubuhi wekundu walipewa kidonge ndani ya kipande cha ndizi mbivu; weupe walipewa ndizi tupu. Wana walitenganishwa na mama zao jioni, mama wakakamuliwa asubuhi mpaka tone la mwisho, ndipo wana waruhusiwe kurudi kushinda nao mchana. Sampuli zililetwa kwangu nipime mafuta. Wakamuaji walikuwa sita, Mama Costansia akiwa kiongozi wao. Jaribio lilikwenda wiki kumi na mbili bila hata siku moja kurukwa, jambo ambalo hapa kwetu, wenye mvua na misiba na msimu wa kukamata senene, si dogo.

Majibu yakaja yakiwa yamenyooka. Maziwa ya kondoo weupe yalikuwa na mafuta asilimia sita nukta nane. Ya wekundu, tano nukta sita. Protini ilibaki ile ile. Wekundu walitoa maziwa pungufu kidogo, na hawakuwa wamekonda kama wenzao, ingawa tofauti ilikuwa ndogo. Daktari alirukaruka, nasema kweli, mtu mzima na koti lake jeupe. Kwa tafsiri yake dawa ilikuwa imefanya kazi waziwazi: mwili umeisikia insulini, umejichukulia mafuta, kiwele kimebaki na machache. Aliandika ripoti kwa siku tano, nikaipiga chapa mimi, akaalikwa kuisoma Mwanza mbele ya wataalamu wa kanda nzima. Ripoti ile ile ilikuwa na kurasa mbili za kuwasifu wakamuaji, na kwa nguvu ya kurasa hizo kamati ya mafunzo ya kituo ilimteua Mama Costansia kwenda chuo cha mifugo kwa miaka miwili, kusomea cheti. Alikuwa na elimu ya darasa la nne na umri wa miaka arobaini na mitano. Hakuna mkamuaji wa Isingiro aliyewahi kupata nafasi hiyo. Barua aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye kitabu chake cha sala, na kwa wiki nzima alikuwa mtu mwepesi ajabu. Hata mimi alinisamehe mikono.

Alhamisi, tarehe 10 Novemba, Daktari alituandalia sherehe ndogo kabla ya safari yake ya Jumatatu. Palikuwa na mbuzi, palikuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akasimama kutusomea majibu na kutueleza maana yake, kwamba mafuta ya wekundu yamepungua kwa sababu ya kidonge. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeketi karibu na Mama Costansia, nikamwona ameshusha kikombe chini na hakukiokota tena.

Lazima nieleze alichokuwa anafikiri, maana asiyekamua hatakijua. Maziwa hayafanani toka mwanzo hadi mwisho wa kukamua. Ya kwanza ni mepesi. Ya mwisho kabisa, yale ya kubembeleza kiwele, ndiyo mazito, ndiyo yenye siagi. Na kwa wafugaji wa huku, mama mwenye mtoto hakaushwi. Mkamuaji mwema huacha fungu la mtoto kiweleni, na anayekamua mpaka mwisho huku mtoto anatazama husemwa kuwa ana mkono wa njaa. Kituo kilikuwa kimewafundisha wakamuaji waiache tabia hiyo, na kwa miaka kumi walikuwa wameiacha kweli. Kondoo mzima alikaushwa bila kinyongo, mwanawe angejitafutia.

Lakini hawa wekundu hawakuwa wazima. Ndivyo ilivyoonekana kwa macho ya bandani. Kidonge hupewa mgonjwa. Tena Daktari mwenyewe alikuwa amekitaja kisukari kwa jina, na mwaka mmoja kabla katekista wa Songambele alikuwa amefariki kwa kisukari akiwa amekwisha kupoteza macho na mguu. Kondoo anayelishwa kidonge wiki kumi na mbili asipone, je, ana hali gani? Hakuna aliyelisema, hakuna kikao kilichokaa. Ila kila mkono ulipofika kwenye kiwele cha mwenye hereni nyekundu ulikuwa unalegea mapema na kumwachia mwanawe yale ya mwisho. Mama Costansia alitambua pale sherehenini, katikati ya makofi, kwamba yeye alikuwa akifanya hivyo kila siku, na alikuwa hajajua kuwa anafanya.

Hakulala juu ya jambo hilo, wala hakukurupuka. Ijumaa asubuhi aliwakamua wekundu wanne kwa vyombo viwili: chombo cha kwanza mpaka pale mkono wake ulipotaka kuacha, chombo cha pili yaliyobaki. Akaniletea dirishani, akanitaka nipime bila kuuliza. Nikapima. Cha kwanza kilikuwa na mafuta tano nukta tano. Cha pili, kumi na moja. Nikavichanganya, nikapata sita nukta saba, karibu sawa kabisa na weupe. Nilirudia mara mbili nikitumaini nimekosea kiasi cha tindikali ya kupimia. Sikuwa nimekosea. Dawa haikuwa imegusa mafuta ya maziwa yale. Yalikuwa yamekwenda matumboni mwa wanakondoo ishirini, ambao, sasa nilipokumbuka, walikuwa wanene kweli.

Alinieleza yote akiwa amesimama nje ya dirisha. Nami, ndugu wasomaji, nilimshauri anyamaze. Nilimwambia tufunike kombe mwanaharamu apite. Nilimwambia Daktari ataaibika, kituo kitachekwa, na barua yake ya chuo itafutwa kesho yake, na watu watano wengine watapelekwa kwenye nidhamu pamoja naye. Nilikuwa na hoja nyingi na zote zilikuwa na maana. Alizisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja tu, kwamba kuna mtu Mwanza atakayeisikia ripoti ile, naye atawapa kondoo wake vidonge kwa kuiamini, au atawanyima kwa kuiamini, na hatajua kwamba ameamini mkono wa Mukamusoni.

Jumamosi asubuhi alikwenda ofisini. Nilikuwapo, kwa kuwa alinitaka niende na karatasi ya vipimo. Alimwamkia Daktari, akakataa kiti, akasema, "Daktari, ile dawa haikupunguza mafuta. Ni mimi. Nilikuwa ninawaachia watoto, nikidhani mama zao wanaumwa." Hakutaja wengine. Daktari alipomuuliza waziwazi kama na wengine walifanya hivyo, alijibu kwamba yeye alipewa mikono miwili tu na hiyo ndiyo anayoweza kuitolea ushahidi.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini Daktari Rwegoshora hakuwa Mungu, na siku ile hakuwa na mapenzi kwa mtu. Aliisoma karatasi yangu, akaisoma tena, akatoka nje akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na birika la maji. Alikaa pale saa nzima. Baadaye Anatolia, mkamuaji mdogo kuliko wote, alikwenda akasimama mbele yake akasema hata yeye. Kufikia mchana wakamuaji wote sita walikuwa wamekwisha kwenda, mmoja mmoja, bila kuitwa.

Kwa haki ya Daktari niseme kwamba Mwanza alikwenda. Alisimama mbele ya watu waliokuja kusikia habari ya dawa, akawaambia kwamba hana habari ya dawa, ana habari ya kosa. Wengine walicheka. Aliporudi hakumsemesha Mama Costansia kwa mwezi mzima isipokuwa kwa mambo ya kazi. Januari 1989 kamati ya mafunzo ilikaa, ikaona haiwezekani kumpeleka chuoni mtu aliyevunja kanuni za jaribio, ikaifuta barua. Alionywa kwa maandishi. Barua ya onyo nayo aliikunja, sijui aliiweka wapi.

Lakini jaribio lilirudiwa, na hapo ndipo tulipomwona Mama Costansia ni mtu wa namna gani kichwani. Daktari alikuwa amepanga kuwaweka wakamuaji chini ya ulinzi, msimamizi mmoja nyuma ya kila mgongo. Mama Costansia aliomba kusema. Akasema mkono wenye huruma hauamrishwi, huondolewa sababu. Alipendekeza mambo mawili. La kwanza, wanakondoo wapewe maziwa ya ng'ombe kwa chupa na washibe kabla mama zao hawajakamuliwa, ili asiwepo wa kuonewa huruma. La pili, kondoo wote arobaini wapewe kidonge, nusu yao cha dawa na nusu cha unga uliofinyangwa kwa umbo lile lile, na hereni zote ziwe za rangi moja, na orodha ya nani ni nani ifungiwe kabatini kwa Daktari. Tusipojua mgonjwa ni nani, alisema, tutawaonea wote sawasawa. Daktari aliyakubali yote mawili. Baadaye alikiri kwamba hilo la pili alikuwa amelisoma chuoni miaka mitatu, akafaulu mtihani wake, kisha akaja kulisahau bandani.

Jaribio la pili lilifanyika Machi hadi Juni 1989. Mafuta: waliopewa kidonge cha unga, sita nukta saba; waliopewa dawa, sita nukta sita. Protini sawa. Kukonda kulipungua kidogo mno kwa waliopewa dawa, kiasi ambacho Daktari hakutaka kukitangaza kwa kondoo arobaini tu. Kwa lugha nyepesi, dawa ile, kwa kipimo kile, kwa kondoo wetu, haikuharibu maziwa wala haikuwanenepesha mama. Halikuwa jibu la kurukaruka. Lilikuwa jibu la kweli, na wafugaji wa Isingiro wakaambiwa wasihangaike na vidonge, waongeze majani na pumba. Wale waliofanya hivyo waliona faida msimu uliofuata.

Tangu hapo kila jaribio la kituo hiki limefanywa kwa utaratibu wa Mama Costansia, na sampuli huchukuliwa kwa vyombo viwili, cha mwanzo na cha mwisho. Mwaka 1992 Daktari Rwegoshora, kabla hajahamishwa, alipendekeza apandishwe kuwa Mkamuaji Mkuu, na ndani ya mapendekezo hayo aliandika kwamba ndiye mtumishi pekee aliyewahi kumwokoa kutokana na nafsi yake mwenyewe. Mwaka 1994, watu walipovuka mto kutoka Rwanda kwa maelfu na makambi yakajaa wilayani, alipanga zamu ya wakamuaji kupeleka maziwa kwa watoto kila asubuhi kwa miezi saba, na hakuwahi kuuliza mtoto ni wa nani wala ametoka upande gani. Amewafundisha kazi wakamuaji thelathini na mmoja. Hajawahi kuchelewa isipokuwa mara mbili, zote kwa sababu ya mvua iliyochukua daraja.

Ana kasoro zake, na wasifu usio na kasoro ni wa marehemu. Ni mkali kwa wenye kucha ndefu. Haamini saa ya ukutani. Kondoo dume hajawahi kumpenda hata mmoja, na hisia hiyo ni ya pande zote mbili. Amekataa kabisa kula nyama ya kondoo kwa miaka ishirini, na katika sherehe hii wapishi wamelazimika kuchinja kuku.

Limebaki jambo moja, ambalo kamati haikuniomba niliandike.

Nafasi ile ya chuo haikuachwa wazi. Kamati ya mafunzo ilipoifuta barua ya Mama Costansia ilitafuta mtumishi mwingine mwenye uaminifu, ikanichagua mimi, kwa sababu karatasi ya vipimo iliyofichua kosa ilikuwa na sahihi yangu. Kamati haikujua kwamba mwenye sahihi ile alikuwa amepiga kampeni karatasi ifichwe. Sikuiambia. Nilikwenda kumuaga Mama Costansia, nikamkuta anamkamua kondoo wa mwisho wa zamu. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nenda ukasome, Xaveri. Mimi hawa wananijua tayari." Nilisoma miaka miwili. Cheti kile ndicho kilichonipa ukuu wa maabara, nyumba ninayokaa, na heshima ya watu kunishikia mlango. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja, wala kwa utani, naye ni mtu wa utani.

Mara tatu nimejaribu kumwambia kwa mdomo kwamba kile cheti ni chake, na mara zote tatu amenituma nikalete ndoo. Ndiyo sababu nimeliandika hapa, mahali asipoweza kunituma popote, na nitalisoma kwa sauti mbele ya Bwana Celestin, watoto wake, na wakamuaji wote aliowafundisha.

Mama Costansia, wafanyakazi wote wa Isingiro wanakushukuru kwa miaka ishirini ya kuamka kabla ya jogoo. Tunakuombea afya, kahawa yenye bei, wajukuu watiifu na asubuhi za kulala mpaka jua liingie dirishani. Nami binafsi nakushukuru kwa kwenda ofisini Jumamosi ile, japokuwa nilikuzuia. Nilikosea, Mama, wewe ulikuwa sahihi, na nilipaswa kulisema miaka tisa iliyopita, kamati ya mafunzo ilipokuwa bado inaweza kunisikia.